Mwenye Gari Amekataa

Kutoka kitanda cha Binti Breki mpaka kiti chake darasani ni hatua mia mbili na kumi na nne. Si makisio hayo. Alizihesabu mwenyewe wiki ya pili ya chuo, walipofundishwa kupima umbali kwa hatua kabla ya kuaminiwa na vyombo, maana alikuwa anasomea upimaji ardhi, na wapimaji hawasemi "hapo tu" kama sisi wengine. Kantini iko njiani. Maktaba imepakana ukuta na kantini. Ukitaka sabuni, kuna dirisha linauza sabuni chini ya ngazi za bweni. Sasa niambieni, mtu anayeishi hivyo gari ni la nini?

Na gari alikuwa nalo. Jeupe, dogo, milango minne, na rangi yake ubavuni ilikuwa imebaki na kivuli cha maneno SHULE YA UDEREVA, kwa sababu maneno yenyewe yalibanduliwa kwa maji ya moto na wembe, lakini jua la miaka kumi na moja halibanduliwi kwa wembe. Ndani lilikuwa na breki mbili, ya dereva na ya mwalimu. Mwalimu huyo ndiye baba yake. Mtaa mzima ulimwita Breki, na mkewe hali kadhalika, mpaka jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye vyeti tu.

Lazima muelewe Breki alivyokuwa na gari lake, la sivyo hamtaelewa kwa nini binti alichanganyikiwa. Gari lile halikuguswa na mtu asiye mwanafunzi. Mwaka mmoja mkewe aliumwa homa ya kutetemeka, akapelekwa hospitali kwa teksi, na gari limesimama uani. Alipouliza baadaye kulikoni, Breki alimjibu kwamba gari lilikuwa na mwanafunzi saa nne. Ndivyo alivyokuwa. Mtu wa maneno machache, hata kufundisha hakufundisha kwa mdomo. Alikaa kwenye kiti cha pembeni, macho mbele, na kidole chake kikaongea: akigonga dashibodi mara moja, punguza mwendo, mara mbili, simama. Kidole hicho kilifanya kazi hata mezani. Watoto wakizidisha porojo wakati wa kula, baba anagonga meza mara mbili, kimya.

Basi siku moja kabla binti hajaondoka kwenda chuo, ameshafunga sanduku lake na ndoo yake mpya, baba akaingia akaweka ufunguo juu ya sanduku.

"Utakwenda nalo," akasema.

"Nalo nini?" akauliza mama, karani wa posta, mtu aliyezoea kuuliza kila kifurushi kina nini ndani.

"Gari."

Mama akamtazama mumewe kama anayemwangalia mgeni. Binti akauliza, "Na shule, baba?"

"Nimeifunga."

"Kwa nini?"

"Utakwenda nalo," akasema tena, kisha akaongeza lile ambalo binti alikuja kulitafuna kichwani miezi miwili mizima bila kulimeza: "Ukija likizo, panda basi. Gari liache hukohuko."

Jamani. Unampa mtu gari halafu unamwambia apande basi. Binti alilala na maneno hayo, akaamka nayo, akayapakia garini pamoja na ndoo. Mtaani, wakati huo, sifa zilikuwa zinamiminika. Breki alikuwa ameshawaambia watu barazani kwamba amempa binti yake gari la kwendea chuo, na watu wakasema huyo ndiye baba, wengine tunazaa tu.

Kule chuoni hakuna aliyemsifu. Mlezi wa bweni, mama mnene mwenye miwani ya kamba, alilizunguka lile gari mara mbili. "Mwaka wa kwanza," akasema. "Gari la nini? Unakwenda wapi?"

"Sijui, mama," binti akajibu, na ndio ulikuwa ukweli wake mtupu.

"Usijali. Pa kwenda tutakutafutia."

Kesho yake akamtuma kufuata mapazia mjini.

Huo ukawa mwanzo. Kuna jambo watu hawaambiwi wanapotamani gari: mwenye gari hana udhuru. Asiye na gari akiombwa kitu mjini atasema jua kali, basi zimejaa, mguu unauma. Mwenye gari atasema nini? Binti Breki alipeleka jino la Mrefu, mwenzake wa chumbani, likang'olewe. Alibeba viti vya mkutano wa wanafunzi, safari tatu. Alifuata mtungi wa gesi wa mlezi, tairi likapasuka njiani, akakaa kando ya barabara na mtungi wake kama anauza gesi. Akaitwa Dereva, hata na wasiomjua. Kantini wakabishana juu yake akiwa hapohapo anakunywa chai. Kijana mmoja wa mwaka wa tatu akasema gari kwa mwaka wa kwanza ni muhimu, linafundisha kujitegemea. Mrefu, shavu bado limevimba, akasema gari ni la mtu mwenye safari, na mwaka wa kwanza safari yake ni kitabu. Wakamgeukia mwenyewe: yeye anasemaje? Akasema hajui. Wakacheka, wakadhani anajitia unyenyekevu.

Hakuwa anajitia chochote. Alikuwa hajui kweli.

Tatizo lilikuwa mazoezi ya uwanjani. Kila Jumatatu na Alhamisi, saa moja asubuhi, wanafunzi walitoka na vyombo kupima uwanja wa chuo, na mwalimu wao, mzee mfupi aliyeitwa Nukta kwa vile hakuwahi kusamehe nukta iliyokaa mahali pabaya, alikuwa na sheria moja. Ukikosa mazoezi mara tatu, mtihani hufanyi, mwaka unarudia. Jino la Mrefu liliuma Jumatatu. Mtungi wa gesi uliisha Alhamisi. Nukta akamwita pembeni.

"Umebakiza moja," akasema. "Watu arobaini walikitaka kiti chako wakakosa. Nikikuona unarudia mwaka kwa sababu ya mtungi wa gesi, mimi nitaumia kuliko wewe."

"Hapana, mwalimu, mimi ndiye nitakayeumia zaidi," binti akasema.

"Basi liondoe hilo gari."

Ni rahisi kusema. Jioni ile akampigia baba yake simu, akamwambia anataka kulirudisha. Baba akasema hapana. Akauliza kwa nini. Baba akasema likae huko. Akamwambia gari linamsumbua. Baba akamwuliza kama anapima upepo wa matairi kila wiki. Akamwomba mama. Mama naye akasema, "Mimi nisikudanganye, baba yako simwelewi siku hizi. Anakaa barazani kutwa. Wanafunzi wakija anawaambia gari kampa mwanawe, na akisema hivyo anachangamka. Wakiondoka ananuna. Labda uzee."

Mrefu alikuwa na majibu yake, na kila siku jibu jipya. Mara Breki amerithi mahali na anaficha. Mara anataka binti asirudi nyumbani. Mara ana mwanamke mwingine. "Sasa mwanamke na gari kuwa chuoni vinahusianaje?" binti akauliza. Mrefu akafikiri, akakiri kwamba hilo hajalimalizia.

Lakini lile la pili lilimwingia. Labda ni kweli baba hataki arudi. Mtu akikupa chombo cha kuondokea na akakukataza kurudi nacho, utasomaje? Usiku akawa anageukageuka. Alijiona anapendwa, akajiona anafukuzwa, vyote kwa ufunguo mmoja. Kichwa kikamvurugika mpaka siku moja uwanjani akasoma namba ya rula juu chini, Nukta akatikisa kichwa.

Jumamosi moja asubuhi akapiga moyo konde. Hakumwambia mtu ila Mrefu. Akajaza mafuta, akashika barabara, mwendo wa saa mbili na nusu, gari likiwa tupu kwa mara ya kwanza tangu lifike chuoni.

Baba yake alikuwa barazani na gazeti. Aliusikia mlio kabla gari halijaonekana, maana kufikia binti anakata kona, alikuwa ameshasimama na gazeti liko chini. Binti akashuka, akasema shikamoo. Badala ya marahaba akapata swali.

"Umepita njia gani?"

"Ya sokoni."

"Nani kakuona?"

"Baba, ni Jumamosi. Watu wote."

Breki akashika kiuno. Mama akatokea mlangoni na nguo mikononi, akifurahi, furaha ikaishia njiani alipomwona mumewe. "Ligeuze," Breki akasema. "Urudi nalo sasa hivi."

"Mzee, una nini?" mama akasema. "Mtoto hata maji hajanywa."

"Silihitaji, baba," binti akasema, na sauti ikaanza kumponyoka. "Nimelirudisha. Kama ni kunifukuza, nifukuze kwa mdomo nielewe, lakini usinipe gari."

Hapo baba yake akamtazama kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama, uso umemshuka. Kisha akaenda akafungua mlango wa kiti cha mwalimu, akakaa. "Twende," akasema.

Wakaenda. Binti alidhani wataongea, baba hakuongea. Wakapita mbele ya shule ya msingi, wakapita kwa fundi viatu, wakaingia barabara ya nyuma ya soko ambako Jumamosi kila mtu ana haki ya njia isipokuwa gari. Binti alikuwa anasubiri kidole. Miaka yote, njia hii, kidole cha baba kilikuwa hakitulii, hata kuku aliyekuwa bado anajishauri kuvuka alishagongewa dashibodi. Leo kimetulia juu ya goti.

Mkokoteni ukatokea kwenye uchochoro, upande wa baba, umejaa magunia ya mkaa, na mwenye nao kainamisha kichwa anasukuma. Binti akafunga breki. Gari likasimama, mkokoteni nao ukasimama, mkono mmoja tu kutoka mlango wa Breki.

"Mbona umesimama?" Breki akauliza.

Binti hakuelewa swali. "Mkokoteni, baba."

"Mkokoteni gani?"

Akamwona baba yake anageuza kichwa. Hakugeuza kama mtu anayetazama. Aligeuza polepole, kidogo kidogo, kama anayetafuta kitu kwa tochi, mpaka macho yake yakafika kwenye magunia yaliyojaa dirisha lake zima, na hapo akashtuka. Mwenye mkokoteni akasema, "Shikamoo, mzee Breki," akapita.

Binti akasogeza gari pembeni, akazima.

"Presha ya macho," Breki akasema. "Daktari amesema. Mbele naona. Gazeti nasoma, sura yako naiona vizuri, umekonda. Pembeni hakuna kitu. Nilidhani kuna kitu kitakuwepo, giza au ukungu. Hakuna hata giza. Na uoni ulioondoka haurudi. Nina dawa ya matone ya kubakiza huu uliobaki."

"Mama anajua?"

"Atajuaje? Namwona usoni, nasoma, natembea. Na asijue. Mama yako ni mtu wa posta, hakuna barua inayolala kwake."

Kisha Breki, mtu wa maneno mawili, akasema mengi kuliko aliyowahi kusema mbele ya mwanawe. Alikuwa na mwanafunzi, fundi cherehani, siku ya tatu tu ya kushika usukani. Wanakwenda taratibu. Mara fundi akasimamisha gari ghafla. Mtoto wa shule alikuwa amekatiza kutoka pembeni, mkoba mgongoni, yuko mbele ya bampa. "Mwanafunzi wa siku ya tatu ndiye aliyeona," Breki akasema. "Mimi mwalimu, miaka ishirini na sita, sikuona. Unajua nilimwambia nini? Nilimwambia vizuri sana, nilikuwa nakupima. Akashukuru. Nilikaa siku nne silali."

"Si ungesema tu, baba? Ugonjwa si aibu."

"Nimefundisha watu zaidi ya elfu mbili. Nikisema macho, kila mmoja ataanza kuhesabu yalianza lini. Yule aliyegonga ukuta atasema alifundishwa na kipofu."

"Ungeliuza."

"Wangeniuliza kwa nini. Wangesema Breki kaishiwa, wangenichangia nipate lingine, unawajua. Lakini mtu akimpa mwanawe, nani atahoji?" Akajifuta uso kwa kiganja. "Na likikaa uani, mimi sijui kukataa. Nilijaribu. Wakija wananiita mwalimu, mdomo unasema njoo kesho kabla sijafikiri. Nilijaribu siku tatu nikashindwa. Ndiyo maana nikakwambia upande basi."

Kwa hiyo hakufukuzwa. Binti akapata nafuu, halafu nafuu ikamwonea aibu ikaondoka, maana jambo lake mwenyewe lilikuwa bado palepale. Akamweleza kuhusu Nukta, mazoezi mawili aliyokosa na moja lililobaki.

Sasa Breki ndiye aliyepotea. "Gari linakukosesha darasa? Si ndilo la kukuwahisha?"

"Baba, darasa liko hatua mia mbili na kumi na nne."

"Kutoka wapi?"

"Kutoka kitandani."

Breki hakuwahi kukanyaga chuo chochote. Alidhani chuo ni kama mji, ukiamka unalitafuta darasa lako nusu saa. Akalirudia swali kwa namna nyingine, akapata jibu lilelile. Akatazama mbele, huko alikobakiwa nako. Fahari aliyomwonea mwanawe akimfikiria anaendesha kwenda masomoni kama bosi, yote ilikuwa ya bure. Alimnusuru mtoto wa watu kwa gharama ya mwaka wa masomo wa mtoto wake.

"Basi liache," akasema mwishowe. "Urudi kwa basi, usome. Hapa nitajua la kufanya."

Binti akawasha gari. Hakuuliza atajua nini, maana alijua kwamba baba hajui.

Walipofika nyumbani, mkunga alikuwa ameshakaa sebuleni na miguu ameinyoosha.

Mtaa ule hauna mtu wa kuheshimiwa kumzidi mama huyo. Nusu ya mtaa ilipita mikononi mwake ikiwa na damu na kelele, Binti Breki akiwemo, tena yeye alizaliwa ametanguliza miguu, na mkunga hakuacha kumkumbusha. Binti akamshika mkono kwa mikono miwili, akaamkia. Mkunga akamtazama baba.

"Nimesikia mlio nikasema hilo ni la Breki, limerudi," akasema. "Mwalimu, nimekwama. Zahanati imepewa gari la kufuatia wazazi wa mbali. Dereva kahamishwa. Wamesema mmoja wetu akipata leseni linakuwa letu, asipopata linakwenda zahanati nyingine. Wenzangu wote wamenisukumia mimi, bibi kizee. Mtihani ni wiki mbili zijazo. Wiki iliyopita mama mmoja alijifungulia kwenye toroli, mwalimu. Nifundishe."

Mama akasema ehe, kwa mkunga hatuna la kuuliza. Binti akamtazama baba yake. Aliona kabisa jinsi alivyohangaika. Breki alifungua mdomo, akafunga, akafungua. Akasema, "Mkunga, mimi siku hizi..." Mkunga akasema, "Siku hizi nini? Mimi nakuamini wewe tu. Wewe hupigi watu kelele."

"Haya," Breki akasema. "Kesho saa moja."

Na akanyoosha mkono kwa binti yake. "Nipe ufunguo."

Mkono ulikuwa umetulia. Macho yake ndiyo yaliyokuwa hayajatulia. Yalikuwa yanamwomba jambo, na binti hakujua ni lipi. Anaomba apewe ufunguo, au anaomba asipewe? Alisimama katikati ya sebule aliyokulia, ufunguo ngumini, na akili yake ikamkataa. Akiutoa, Jumatatu yuko uwanjani, kiti chake salama, na huku bibi wa watu anaendesha siku ya kwanza, pembeni yake mtu asiyeona pembeni. Akisema ukweli, baba anakufa akiwa amesimama. Alitafuta njia ya tatu, akaipata, na hakuipenda hata kidogo.

"Hapana," akasema.

"Unasemaje? Si ulisema hulihitaji?" mama akauliza.

"Gari ni langu. Baba alinipa. Nimebadili nia, narudi nalo leo."

Mkunga akacheka, akidhani utani. "Wiki mbili tu, mwanangu."

"Nalihitaji."

"Mwaka wa kwanza unahitaji gari la nini?"

Swali lilelile. Ameulizwa na mlezi, ameulizwa kantini, na kila mara alijibu hajui. "La kutembelea," akasema. "Wenzangu wote wanatoka kutembea."

Pale sebuleni pakawa hapakaliki. Mama aliziweka chini zile nguo alizokuwa anakunja, moja moja, kama zinaweza kuvunjika. "Huyu mama," akasema, "mikono yake ndiyo ya kwanza kukugusa hapa duniani. Unamwambia kutembelea?"

"Kuna shule nyingine ya udereva, nyuma ya posta," binti akamwambia mkunga, bila kumtazama. "Wanafundisha vizuri."

"Naijua," mkunga akasema. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. "Mtu mzima hajifunzi popote tu, mwanangu. Nilitaka nicheke na mtu ninayemjua nikikosea."

Mkono wa Breki ulikuwa bado uko wazi. Akautazama, kwa vile ulikuwa mbele yake, kisha akaukunja na kuurudisha mfukoni.

"Umesikia, mkunga," akasema. "Mwenye gari amekataa."

Alisema kwa sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo, na mama akaielewa kuwa ni huzuni.

Binti aliondoka saa hiyohiyo bila chakula. Mama hakutoka kumuaga. Baba alitoka, akaegemea gari, akasema maneno mengine tena siku hiyo: "Umefanya kosa kubwa kwa watu."

"Najua, baba."

"Mimi sitaweza kulisahihisha."

"Najua."

Akapiga bodi kwa kiganja, kama watu wanavyomuaga ng'ombe, na binti akaondoka. Njiani alilia mpaka akalazimika kusimama mahali. Alilia kwa sababu hakujua kama amemwokoa baba au amemvisha joho la uongo, na kwa sababu mkunga hakuwa na kosa lolote, na kwa sababu ilikuwa ni Jumamosi nzuri ya jua.

Chuoni alilipeleka gari nyuma ya karakana. Mrefu akamsaidia kutoa betri, wakaipandisha ngazi wakiwa wameishika kama mgonjwa, wakaisukumia chini ya kitanda. Waliotaka kutumwa mjini wakaambiwa limekufa. Mlezi alinuna wiki moja, kisha akagundua kuwa basi linapita getini. "Una gari," Mrefu akamwambia, "umeendesha saa tano kwenda na kurudi, halafu betri inalala na wewe. Mimi sikuelewi." Binti akasema hata yeye hajielewi sana. Jumatatu saa moja alikuwa uwanjani wa kwanza, na Alhamisi, na kila siku iliyofuata, na Nukta hakusema kitu, jambo ambalo kwake ni sifa.

Simu ya mama ilikuja mwezi uliofuata. Mkunga alipasi, kule nyuma ya posta, kwa jaribio la pili. Zahanati ilikubali kumsubiri. Mtaani walikuwa wanamsema binti vibaya. Wanasema chuo kimempanda kichwani. Wanamhurumia Breki, aliyejinyima kazi yake kwa ajili ya mtoto asiye na shukrani.

"Nimekutetea kwao mpaka nimechoka," mama akasema. "Kwa hiyo nikuulize mimi mama yako, na uniambie kweli. Hilo gari unalihitaji?"

Binti alikuwa amekaa kitandani, viatu vya uwanjani vina tope. Alikuwa na neno moja tu la kusema na mama angeelewa yote, na jioni ile ile posta nzima ingeelewa.

"Nalihitaji, mama," akasema. "Nalihitaji sana."

"Mimi sikukulea hivyo," mama akasema.

"Hapana, mama," binti akasema. "Hukunilea hivyo."